Karambu na Meza Isiyoonyesha Ilipoungwa

Kii. Halafu kimya. Halafu kii tena, kama mlango mdogo unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake.

Bado ni giza na jogoo hawajawika. Ndani ya nyumba ya udongo, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Meru, Karambu amefumbua macho lakini hainuki. Anasikiliza. Sauti inatoka kando ya meko, ambako meza ya jikoni aliyoiunga juzi imelazwa juu ya magogo. Meza yenyewe haina miguu. Ni uso tu, mbao mbili pana zilizounganishwa ubavu kwa ubavu na kuzungushiwa mikanda ya ngozi ya ng'ombe.

Mikanda hiyo aliifunga ikiwa mbichi na imelowa. Sasa inakauka kwa joto la majivu. Kila inapokauka inajikaza, na kila inapojikaza inazivuta zile mbao zizidi kukumbatiana.

"Ikilia hivyo nalala vizuri," anasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa binti yake Kiende hajaamka. "Ikinyamaza mapema, ujue imekatika, au ubao umekataa. Usiku huu imelia kama inavyotakiwa."

Anapapasa gizani, anaupata mkanda mmoja na kuupiga kwa ukucha. Mkanda unajibu kama ngoma.

Leo meza hii inatoka kijijini. Lori litaipeleka mjini kwenye hoteli ya Faadumo, mwanamke Msomali ambaye wateja humwita Mama Amino. Itawekwa mahali pake, kisha itamwagiwa maji mbele ya watu. Tone moja likipita kati ya mbao hizo, Karambu atatoa vyombo vyote vya useremala vilivyomo nyumbani mwake, na hatavigusa tena.

Vyombo hivyo ni vya mumewe, Riungu: misumeno, randa, patasi, nyundo na keekee. Riungu alifundishwa useremala Embu, na fundi mwenye sifa aitwaye Gitari. Katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, alichukuliwa kwenye msako, na hadi leo, mwaka wa tatu ukiisha, yuko kizuizini. Karambu hajui atarudi lini.

Hakuna aliyemfundisha Karambu kazi hii. Riungu alipokuwa akipasua magogo kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mkewe ndiye aliyeshika mpini wa upande wa pili.

"Yeye anavuta, mimi navuta," anasema. "Mkono wangu uliujua ubao kabla ya kichwa changu."

Katika ukoo wa Riungu, mwanamume akiwa mbali, vyombo vyake vya kazi hukaa kwa ndugu yake mkubwa. Ndugu huyo ni Marete, mkulima mrefu, mtu wa maneno machache. Riungu alipochukuliwa, Marete alikuja kuvifuata vyombo. Akamkuta shemeji yake amekaa chini, anaipaka randa mafuta kwa kipande cha kanga yake mwenyewe ili isishike kutu. Akasimama mlangoni kwa muda, kisha akarudi alikotoka, mikono mitupu.

"Alisema neno moja tu," Karambu anakumbuka. "'Vikae kwako, lakini visije vikaniaibisha.'"

Vikamwaibisha.

Watu walipoamriwa kuhama mashamba yao na kujenga kijiji hiki chenye handaki pande zote, kila mtu alibeba alichoweza. Karambu alimbeba Kiende kifuani, na mgongoni akabeba mbao mbili za muuru, ule mti mgumu wa rangi ya asali ambao Wazungu huuita mwaloni wa Meru. Riungu alikuwa amezipasua kutoka mti mmoja, msitu ulipokuwa bado wazi. Siku hizi msitu umefungwa, na mtu anayeonekana ndani yake hapewi nafasi ya kueleza kwamba alikuwa anatafuta mbao.

Nyumba mpya ilikuwa ndogo. Juu ya meko kulikuwa na uchaga, kama ilivyo kwa kila mwanamke wa hapa, wa kukaushia kuni kwa moshi. Ubao mmoja ulienea pale. Wa pili haukuenea, akauweka chini ya kitanda, juu ya udongo.

"Nikalala juu yake mvua zote za mwaka ule," anasema. "Halafu nikauchukua na ule wa moshini, nikaziunga pamoja, nikampelekea Mama Amino. Nilijiambia hizi mbao ni ndugu wa tumbo moja, haziwezi kuachana. Kumbe mmoja nilimlea kwa moshi na mwingine nikamlea kwa tope."

Kiangazi kilipofika, ubao wa tope ukakauka na kunywea. Katikati ya meza pakafunguka mwanya unaoingia kisu.

Faadumo hakumwambia mtu. Alitandika kitambaa cha mpira juu ya meza yote, akaendelea kukanda unga. Mwezi mzima baadaye, Karambu alipita hotelini akitoka sokoni, akashangaa kumwona rafiki yake akikandia unga kwenye ukingo wa meza ulio karibu na dirisha, nusu nzima ya meza ikiwa tupu.

"Mama Amino, mbona umejibana pembeni kama mgeni?"

"Mimi mwembamba," Faadumo akajibu. "Upande mmoja unanitosha."

Faadumo si mwembamba. Akipita katika mlango wa jikoni, wateja huona giza kidogo. Karambu akainua kitambaa, akaona mwanya umejaa unga mkavu kama jeraha lililofungwa vibaya. Akakirudisha kitambaa polepole, akaaga, na hakukanyaga tena hoteli hiyo.

Lakini habari haikukaa chini ya kitambaa. Ilimfikia Marete, naye akaja kijijini akiwa na gunia tupu.

"Gitari wa Embu bado anafanya kazi," alisema. "Vyombo vya ndugu yangu vitatunzwa huko. Watu wanasema meza ya Riungu imepasuka. Riungu hajapasua meza ya mtu."

Karambu hakubishana. Aliomba aachiwe aiunge upya meza ile ile.

"Na tutajuaje kama imeungwa?" Marete akauliza.

"Mwaga maji."

Marete akakunja gunia lake. "Nitakuja kuangalia mwenyewe," akasema. "Tena nitaangalia chini, si juu. Juu kila kitu ni kizuri."

Siku chache baadaye lori la Rage, mume wa Faadumo, likasimama barabarani na kuishusha meza. Tangu siku hiyo, mvua zote za masika, Faadumo alikanda unga ndani ya sinia alilolishika kwa magoti. Wateja walimshauri aagize meza kwa fundi mwingine.

"Niliwaambia meza yangu ipo," anasema Faadumo. "Imekwenda kwao kupumzika."

Karambu aliipasua meza kwa msumeno palepale ilipoachana, akaondoa gundi yote ya zamani, na safari hii akautengeneza upya uchaga ili mbao zote mbili zienee juu ya moshi. Yeye na Kiende wakala, wakalala na kuamka chini yake. Asubuhi alikwenda kwenye kazi ya lazima ya kuchimba matuta pamoja na wanawake wenzake. Alasiri alirudi, akawasha moto, akazigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ubao wenye maji hujibu kwa sauti nzito. Alingoja mpaka zote mbili zikajibu kwa sauti moja.

Kisha ikaja kazi ambayo majirani bado wanaizungumza.

Nyumba ya Karambu haina dirisha. Mlango ukizibwa, mtu haoni mkono wake mwenyewe, na wanawake wengi wa kijiji hulalamikia giza la nyumba hizi. Karambu aliligeuza giza hilo kuwa chombo cha kazi. Jua la alasiri lilipogonga mlango, alizisimamisha mbao mbili mlangoni kwa ubavu, moja juu ya nyingine, akaziba juu na pembeni kwa magunia na majani ya migomba. Halafu akakaa ndani na kuangalia pale mbao zilipokutana.

Nyuzi za jua zilipita. Palipopita mwanga, hapakuguswa. Pasipopita mwanga ndipo palipokuwa pameinuka, na hapo alipaka mkaa, akazishusha mbao, akapara mahali penye alama kwa randa, akitoa utepe mmoja tu wa ubao, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Akazirudisha mlangoni. Akakaa tena gizani.

Jirani yake Gacheri, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi, alidhani mwenzake amejifungia kwa huzuni.

"Niligonga," anasema Gacheri. "Nikamwambia, Mama Kiende, fungua, hakuna mwanamume anayestahili mtu kujizika akiwa hai. Akajibu, 'Subiri, naangalia jua.' Nikasema sasa huyu amekwenda kabisa."

Gacheri akaingizwa ndani na kukalishwa kwenye kigoda. Aliona uzi mmoja wa mwanga, mfupi kama njiti ya kiberiti, ukining'inia hewani. Karambu akatoka, akapara, akarudisha. Uzi ukawa nukta. Akatoka tena.

"Aliporudisha mara ile ya mwisho, jua likazimika," Gacheri anasema, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Nje ni saa tisa mchana, kuku wanalia, watoto wanacheza. Ndani ni usiku wa manane. Nilisikia baridi mgongoni. Sijapata kuona mtu akitengeneza usiku kwa randa."

Vibano vya chuma vya Riungu, vya kuzibana mbao mpaka gundi ikauke, vilibaki kwenye nyumba ya zamani, na nyumba hiyo ilichomwa siku ya kuhama. Karambu akakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akikifunga kinu kilichopasuka kwa ngozi mbichi. Alipompelekea Faadumo salamu kwamba anahitaji ngozi, Faadumo alimtuma Rage kwa mchinjaji, na ngozi ikafika ikiwa imefungwa ndani ya majani ya migomba, ikiwa bado na unyevu, pamoja na kwato na vipande vya ngozi vya kuchemsha mpaka viwe gundi. Ndani ya majani hayo kulikuwa pia na kifurushi cha sukari. Hakuna aliyeomba sukari.

Sasa pamepambazuka. Karambu anakata mikanda kwa kisu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja unaruka kwa mlio. Meza haitikisiki. Anaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, juu na chini, anaisugua mpaka inang'aa. Gacheri, aliyekuja kusaidia kubeba, anafumba macho na kupitisha ukucha kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kiungo kiko wapi?"

"Umekipita."

Anarudia. "Mama Kiende, usinifanyie mchezo. Kiko wapi?"

"Umekipita tena."

Wanaibeba mabegani hadi kwenye lango. Daraja la handaki ni jembamba, na chini yake miti iliyochongwa imesimama kama meno. Askari wa zamu anaiangalia meza kwa mashaka.

"Mmeficha nini ndani?"

"Ndani ya mbao, baba?" anasema Gacheri. "Kuna mbao."

Askari hacheki. Anaangalia vipande vyao vya ruhusa, anaviangalia tena. Kisha anaegemeza bunduki yake kwenye nguzo, anaingiza bega chini ya meza upande wa katikati, na kutembea nao mpaka ng'ambo ya daraja. Anarudi kwenye nguzo na kuichukua bunduki yake.

"Bega lile sitalisahau," Karambu anasema wakiwa ndani ya lori. "Hata jina lake silijui."

Jikoni kwa Faadumo kunanukia samli na iliki. Ukuta umepakwa chokaa upya na nguzo za kuipokea meza zimepanguswa. Ukuta huo haukunyooka, kwa hiyo Karambu anapiga alama kwenye ncha ya meza kufuata pindo lake, anapiga magoti na kukata. Msumeno unakwenda polepole, na vumbi la muuru linaanguka miguuni mwake kama unga wa mtama. Anaulainisha mkato kwa randa, anaiacha randa dirishani, na meza inasukumwa. Inaingia mahali pake, hata jani halipiti kati yake na ukuta.

Marete anafika kwa miguu, amevaa koti lake zito la mvua ingawa kuna jua, gunia likiwa limekunjwa chini ya kwapa.

"Umekula, shemeji?" Karambu anamwuliza.

"Nitakula tukimaliza."

Faadumo anachukua kipande cha unga uliokandwa na kukiviringisha kuwa kamba ndefu. Kamba hiyo anaizungusha juu ya meza, pande zote za mahali penye kiungo, iwe kama ukuta wa bwawa dogo. Kisha anainama kwa shida na kunyunyiza unga mkavu sakafuni, chini ya meza, weupe mtupu kutoka nguzo hadi nguzo.

"Unga hausemi uongo," anasema. "Tone likianguka, litaandika."

Marete anavua kofia, anapiga magoti na kuingia chini ya meza pamoja na koti lake. Majiko mawili yanawaka na birika zinachemka. Faadumo anamwaga maji ndani ya lile bwawa mpaka yanafika ukingoni, na yanatulia pale kama kioo.

Wateja wameacha chai yao na kusimama mlangoni. Karambu amesimama karibu na dirisha, mikono ameifumbata ndani ya kanga. Mfuko wa vyombo uko miguuni pake, aliubeba mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu alisema ahadi haiachwi nyumbani.

"Kuna alama," Marete anasema kutoka chini.

Gacheri anafunika mdomo wake. Faadumo anainama, anaona: kwenye ule weupe kuna nukta nyeusi, mbichi.

Karambu anaichukua randa iliyokuwa bado dirishani, anaifuta vumbi kwa kanga, pande zote, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kumsindikiza safari. Anaiingiza mfukoni pamoja na vile vyombo vingine, anaufunga mfuko na kuushika kwa mikono miwili, tayari kuutoa.

Nukta ya pili inaanguka.

Hapo Marete anapitisha kiganja chini ya ubao, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kiungo. Anakiangalia kiganja. Anapitisha tena. Halafu, polepole, anashika paji la uso wake.

"Mama Kiende," anasema. "Ngoja kwanza."

Anatambaa kutoka nje, magoti yakiwa meupe kwa unga, uso ukitiririka maji kutoka kwenye nywele hadi kidevuni.

"Ni jasho langu," anasema. "Ubao ni mkavu."

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa chini ya meza. Angesimama na kunyoosha mkono, mfuko ungekuwa wake, na kila aliyekuwepo angeapa kwamba aliona tone.

Faadumo anaweka mikono kiunoni. "Mzee Marete, umemwaga maji mengi kuliko mimi," anasema. "Mtu anaingiaje jikoni kwangu na koti la mvua?"

Wateja wanacheka, na Marete mwenyewe anacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyekizoea. Anavua koti. Anamwendea Karambu na kuusukuma mfuko taratibu, uurudie kifua chake.

"Vikae kwako," anasema. Safari hii haongezi "lakini".

Baadaye, chai ikiwa mezani, Marete anasema kwamba alifikiri kidogo akiwa kule chini. "Mtu hufikiri. Gitari alikwisha kuniambia nivilete. Lakini Riungu atarudi, na ataniuliza: siku ile ya maji, ulipokuwa chini peke yako, uliona nini? Nitamwambia nini ndugu yangu?"

Kisha anapitisha ukucha wake mnene juu ya meza, huku na huku. Anasimamisha kidole mahali fulani na kumwangalia shemeji yake. Karambu anatikisa kichwa. Si hapo.

Kwa meza moja Karambu hupata kidogo, mara nyingine unga na kitambaa badala ya fedha, na mbao za muuru zimekwisha. Hata hivyo mke wa mwalimu mmoja wa Kiirua amemtumia salamu kwamba anazo mbao zake mwenyewe, tena zimekaa miaka juu ya moshi. Karambu ataomba ruhusa ya kwenda huko mvua zikikatika. Anataka kuiweka kazi hii hai mpaka mwenye vyombo arudi.

"Akirudi nitamleta hapa," anasema. "Nitamkalisha kwenye meza hii, nimpe chai, nimwambie atafute palipoungwa. Sitamsaidia. Nitamwacha atafute mpaka chai ipoe."

Jua limeanza kuinama na lango la kijiji halimngojei mtu. Gacheri amekwisha kusimama. Faadumo anafuta maji mezani kwa mkono mtupu na kuiacha meza hivyo hivyo, wazi. Halafu anakitoa kile kitambaa cha mpira kwenye msumari, anakijaza mahamri ya moto kwa ajili ya Kiende, anakifunga ncha nne na kumpa Karambu.

"Kitambaa nakitaka," anasema. "Lakini usimpe Rage aniletee, wala Gacheri. Ukilete wewe. Uje bila msumeno, Mama Kiende, ukae chini kama watu."